Kompyuta imegoma kuwaka baada ya kuondoa kirusi: uirekebishe, upige Windows upya au umpe fundi?

Antivairasi imemaliza kupekua, imetangaza kwamba vitisho vyote vimeondolewa, kisha ikaomba kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Umewasha. Nembo ya Windows imetokea, vidoti vimezunguka, na hapo ndipo mambo yalipokwama: skrini nyeusi, au ya bluu, au mashine inajizima na kuanza mzunguko uleule. Ukiuliza watu, wa kwanza atakwambia piga Windows upya yaishe. Wa pili atakwambia usiguse kitu, peleka kwa fundi. Wa tatu atakutumia amri za kuandika. Kila mmoja ana hali ambayo ushauri wake ndio unaofaa, na hali nyingine ambayo ushauri huohuo utakupotezea kazi ya miaka.

Hapa nazilinganisha njia nne kwa vigezo vilevile, kwa kompyuta zenye Windows 10 na 11. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo: swali la kwanza kujiuliza ni kama vilivyomo ndani vina nakala mahali pengine. Namna ya kuiwasha huja baadaye.

Kwa nini inagoma

Baadhi ya virusi hujipachika ndani ya mafaili ambayo Windows yenyewe inayategemea. Sality na Virut, kwa mfano, huingiza msimbo wao ndani ya programu nyingine. Antivairasi ikishindwa kutoa msimbo huo peke yake, hufuta au kutenga faili zima. Kama faili lilikuwa la mchezo, mchezo ndio unaokufa. Kama lilikuwa la mfumo, kompyuta nzima inakufa. Sality huongeza jingine: hufuta sehemu ya rejista (registry), yaani ghala la mipangilio ya Windows, inayowezesha hali salama, yaani Safe Mode, ili ukose pa kuingilia.

Vingine hubadilisha rejista. Windows ina mahali inaposoma jina la programu ya kufungua baada ya mtu kuingia. Kirusi huandika jina lake pale. Antivairasi inafuta kirusi lakini inaliacha jina, na Windows inaendelea kuita kitu ambacho hakipo. Matokeo yake ni skrini nyeusi yenye mshale tu, au unaandika nenosiri, unaingia, na papo hapo unatolewa nje.

Vingine hukaa kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, au kwenye sekta ya kwanza ya diski, vikaamka kabla ya Windows. Februari 2010, sasisho la Microsoft lenye namba MS10-015 liliziangusha kompyuta nyingi kwa skrini ya bluu. Uchunguzi ulionyesha kwamba zilikuwa na kirusi kiitwacho Alureon ambacho wenyewe hawakujua kipo. Sasisho liligusa kitu kilichokuwa kimeshikiliwa na kirusi, na mashine ikaanguka.

Na wakati mwingine kirusi hakikuwepo kabisa. Tarehe 21 Aprili 2010, antivairasi ya McAfee ililihesabu faili la svchost.exe la Windows XP kuwa kirusi, ikaliondoa, na kompyuta zilizokuwa nzima zikaanza kujizima na kujiwasha. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft. Dawa ilikuwa kufuta faili moja tu, lakini ilibidi kulifuta kwenye mashine isiyowaka. Natoa mifano hii kwa sababu watu hufomati haraka mno wakidhani diski nzima imeoza, kumbe kilichokosekana ni faili moja.

Kagua haya kabla ya kuchagua

Kama kompyuta haitoi mwanga wala feni haizunguki, usihangaike na habari za kirusi. Hilo ni tatizo la umeme, chaji, betri au kifaa cha ndani. Kama diski inatoa mlio wa kugonga, zima. Kila dakika inayozunguka inaweza kupunguza kinachoweza kuokolewa, na hakuna njia kati ya hizi nne itakayoiponya.

Pili, tafuta ufunguo wa BitLocker, yaani kufuli ya diski ya Windows. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hufunga diski kwa usimbaji bila mwenyewe kujua, na ukiingia kwenye zana za ukarabati utaombwa tarakimu 48. Ikiwa uliingia kwenye Windows kwa akaunti ya Microsoft, fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey kwenye simu, ingia kwa akaunti hiyohiyo, uunakili. Bila ufunguo huo, hata fundi hodari hatayasoma mafaili yako.

Tatu, okoa mafaili kama hayana nakala. Hatua hii haimo kwenye ushindani, ni ya kila njia. Kwenye kompyuta nyingine nzima, pakua Linux Mint, mfumo endeshi wa bure usio wa Windows, takriban GB 3, uiandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Chomeka flashi kwenye kompyuta mgonjwa na uwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F12 kwa Dell, Lenovo, Acer na Toshiba nyingi, Esc kisha F9 kwa HP. Linux itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, na utaweza kuifungua diski ya Windows na kunakili vitu kwenda diski ya nje. Ikikwambia diski inasomeka tu bila kuandikika, usijali, kusoma kunatosha.

Chukua nyaraka, picha, video na majedwali. Acha mafaili yenye mwisho wa .exe, .scr, .bat, .vbs na .lnk, kwa sababu ndimo virusi hujificha. Na usiishie kwenye Desktop na Documents. Mahesabu ya QuickBooks kwa kawaida hukaa kwenye C:\Users\Public\Documents\Intuit, na barua za Outlook zinaweza kuwa ndani ya faili la .pst. Duka au SACCOS inaweza kupoteza mwaka mzima wa vitabu kwa sababu aliyenakili aliangalia Desktop peke yake.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nimeipima kwa maswali matano. Mafaili yako yako salama kiasi gani? Una uhakika gani kwamba kirusi kimekwisha? Inachukua muda na gharama gani, pamoja na bando? Inahitaji ujuzi gani? Na mwisho, inamfaa nani?

Njia ya kwanza: zana za Windows yenyewe

Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo hufungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Isipofungua, washa, na nembo ikitokea shikilia kitufe cha umeme mpaka izime; rudia mara tatu. Ukurasa ukija, chagua Troubleshoot kisha Advanced options. Humo kuna Startup Repair, System Restore, Uninstall Updates na Startup Settings.

Anza na Startup Repair. Ikishindwa, usikate tamaa mara moja, kwa sababu huacha ripoti iitwayo SrtTrail.txt ndani ya C:\Windows\System32\Logfiles\Srt. Ripoti hiyo mara nyingine hutaja kwa jina faili lililoharibika. Wengi hawaijui, nayo inaweza kubadilisha siku nzima ya kubahatisha iwe kazi ya dakika chache.

Kisha jaribu hali salama: Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Ikiwaka hapo, shukuru. Maana yake kiini cha Windows ni kizima, na kinachokwamisha ni draiva au huduma fulani, mara nyingi ya antivairasi uliyoiweka mwishoni. Iondoe. Fungua pia orodha ya vitu vilivyotengwa uone ni nini kiliondolewa. Ukikuta faili la mfumo, usikimbilie kulirudisha, kwa sababu linaweza kuwa na kirusi kweli. Nakala safi utaipata kwa njia ya pili.

System Restore huirudisha mipangilio na mafaili ya mfumo kwenye hali ya siku iliyopita. Tatizo ni kwamba kwenye Windows 10 nyingi huduma hii imezimwa, na baadhi ya virusi hufuta makusudi kumbukumbu za siku zilizopita inazozitegemea.

*Mafaili yako:* salama. Hakuna zana hapa inayogusa nyaraka, ingawa System Restore huondoa programu zilizowekwa baada ya tarehe unayorudi.

*Uhakika:* mdogo. Kompyuta inaweza kuwaka huku masalia yamebaki, na ukirudi kwenye tarehe ambayo kirusi tayari kilikuwepo, unaweza kukirudisha pia. Ikiwaka tu, pekua upya kwa Microsoft Defender Offline, ya antivairasi ya Windows yenyewe, ambayo hufanya kazi kabla Windows haijaamka.

*Muda na gharama:* kati ya dakika chache na saa moja au mbili, bila bando wala shilingi.

*Ujuzi:* kusoma na kuchagua. Maneno ni ya Kiingereza isipokuwa lugha ya mfumo ilibadilishwa.

*Inamfaa:* kila mtu kwa jaribio la kwanza, na hasa ambaye mashine yake ilianza kugoma papo hapo baada ya antivairasi mpya au sasisho.

Njia ya pili: kurekebisha kwa amri

Ukurasa uleule wa Advanced options una Command Prompt. Hapa unaingia kwenye tatizo lenyewe, na hapa pia ndipo watu huharibu zaidi kwa kunakili amri wasizozielewa.

Kwanza jua diski yako inaitwaje. Ndani ya ukurasa huu herufi hubadilika, na Windows unayoijua kama C inaweza kuwa D. Andika `dir C:\` uone kama kuna folda za Windows na Users. Zisipokuwepo, jaribu D. Amri sahihi kwenye herufi isiyo sahihi haitasaidia kitu.

Ukiipata (kama herufi si C, weka yake kwenye amri), andika `chkdsk C: /f` kusahihisha makosa ya mpangilio wa diski, kisha:

`sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows`

Amri hii inalinganisha mafaili ya mfumo na nakala safi ambazo Windows hujiwekea, ikibadilisha yaliyopotea au kuharibika. Kwa kompyuta ambayo antivairasi imekata faili la mfumo, hii ndiyo tiba ya moja kwa moja. Ikilalamika kwamba haikuweza kurekebisha yote, ghala la nakala lenyewe limeguswa. Hapo utahitaji amri ya DISM, inayotengeneza ghala hilo, na flashi ya Windows ya toleo lilelile kama chanzo.

Kama tatizo ni kuingia na kutolewa nje, au skrini nyeusi yenye mshale, jaribu kwanza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, chagua kuendesha kazi mpya na uandike explorer.exe. Meza ya Windows (desktop) ikitokea, unajua kwamba ni rejista. Ikiwa huwezi kuingia kabisa, kwenye Command Prompt andika `regedit`, chagua HKEY_LOCAL_MACHINE, nenda File kisha Load Hive, ufungue faili la SOFTWARE lililo ndani ya C:\Windows\System32\config, ulipe jina lolote la muda. Tafuta Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon. Shell inatakiwa kuwa `explorer.exe` tu. Userinit inatakiwa kuwa `C:\Windows\system32\userinit.exe,` na ule mkato wa mwisho ubaki. Kingine chochote kilichoongezwa kwenye hizo mbili kishuku kuwa ni mkono wa kirusi. Ukimaliza, rudi kwenye lile jina la muda, chagua Unload Hive, ndipo uzime.

Ushauri mmoja wa zamani uupuuze: kunakili rejista kutoka folda ya RegBack. Tangu Windows 10 toleo la 1803 folda hiyo haijazwi tena yenyewe, na mafaili yake mara nyingi yana ukubwa wa sifuri. Ukiyanakili juu ya rejista yako umeizika.

Ikiwa kompyuta inasema haioni pa kuwakia, tofautisha zama. Mashine za zamani zenye MBR, yaani zinazowakia kwenye sekta ya kwanza ya diski, hutumia `bootrec /fixmbr` na `bootrec /rebuildbcd`. Mashine za UEFI, mfumo mpya wa kuwashia, yaani karibu zote zilizokuja na Windows 10 au 11, hutengenezwa kwa `bcdboot` baada ya kuipa herufi sehemu ndogo ya kuwakia kwa kutumia diskpart, programu ya kugawa diski. Ndani ya diskpart kuna neno `clean`, nalo hufuta diski nzima bila kuuliza. Kama hujawahi kuitumia diskpart, hapa ndipo pa kusimama.

*Mafaili yako:* salama ukienda taratibu, hatarini ukikosea diski au amri.

*Uhakika:* wa kati. Umelipata jeraha na kulifunga, lakini majeraha mengine huenda hukuyaona. Kwa virusi vinavyoambukiza mafaili mengi, kama Sality, Virut au Neshta, siiamini njia hii peke yake.

*Muda na gharama:* saa moja hadi siku nzima. Bando ni dogo, isipokuwa ukihitaji kupakua flashi ya Windows.

*Ujuzi:* mkubwa kuliko njia zote za kufanya mwenyewe. Unahitaji pia simu au kompyuta ya pili pembeni ya kusomea.

*Inamfaa:* mwenye programu ambazo kuziweka upya ni taabu, kama mfumo wa mahesabu wenye leseni ya mashine moja, na mwenye subira ya kusoma kila mstari kabla ya kubonyeza Enter.

Njia ya tatu: kupiga Windows upya

Watu husema "kupiga Windows" kwa mambo mawili tofauti, na tofauti yake ni kubwa.

La kwanza ni Reset this PC, iliyoko kwenye ukurasa uleule wa Troubleshoot. Keep my files huacha nyaraka zako na kuondoa programu zote. Remove everything huondoa vyote. Kisha huulizwa chanzo. Local reinstall hutumia vilivyomo kwenye mashine, kwa hiyo ghala likiwa bovu itagoma katikati na kusema hakuna kilichobadilishwa. Cloud download hupakua Windows mpya kutoka Microsoft, zaidi ya GB 4. Kwa bando la siku hilo ni jambo la kupanga, na kwa intaneti inayokatika ni kuanza upya.

La pili ni usakinishaji safi kwa flashi. Kwenye kompyuta nyingine yenye Windows, pakua Media Creation Tool kutoka Microsoft na uiandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu unachokihitaji. Washia kompyuta kwenye flashi hiyo, futa sehemu za diski ya ndani, anza upya. Leseni isikutie hofu: Windows 10 au 11 halali iliyokuwa imewashwa kwenye mashine ileile hujitambua yenyewe ukiunganisha intaneti, mradi urudishe toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro.

Kuna mtego ambao nauona ndio chanzo cha malalamiko mengi ya "nimefomati na kirusi kimerudi". Kompyuta nyingi za kwetu zimegawanywa C na D. Mtu anafomati C, anaiacha D yenye mafaili pamoja na vifurushi vya kuwekea programu. Kirusi kinachoambukiza .exe kilikuwa kimeshavipitia vyote. Windows mpya inawaka safi, mwenyewe anafungua D kuweka programu ya kusomea video, na kwa mbofyo mmoja kimerudi. Ukichagua njia hii, D nayo isafishwe: okoa nyaraka, futa vifurushi, pakua programu upya kutoka kwa wenyewe.

Umeme nao una sauti hapa. Laptopu isiyoshika chaji ikizimika katikati ya Reset huachwa nusu njia, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS iko hatarini zaidi. Chagua saa ambayo umeme kwenu hautarajiwi kukatika.

*Mafaili yako:* kwa Keep my files, kwa kawaida yanabaki, lakini usitegemee hilo bila nakala. Kwa usakinishaji safi, ambacho hakikunakiliwa kimekwenda.

*Uhakika:* mkubwa kuliko zote, hasa ukifuta sehemu zote za diski. Keep my files iko chini yake.

*Muda na gharama:* saa kadhaa, ndefu zaidi kwa diski za zamani za kuzunguka, na baada yake siku moja au mbili za kurudisha programu, printa na mipangilio. Flashi na bando la GB kadhaa.

*Ujuzi:* wa kati. Hatua ni chache, ila ya kufuta sehemu za diski haina kurudi.

*Inamfaa:* ambaye kazi zake ziko OneDrive, Google Drive au diski ya nje, na ambaye kompyuta hiyo inashika pesa au siri za watu.

Nyongeza: msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ukishaamua kuanza upya, angalia kama mashine inaweza Windows 11, inayotaka TPM 2.0 (kichipu cha usalama), RAM ya GB 4 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Isiyoweza, Linux Mint ileile uliyookolea mafaili inaweza kuwa makao yake mapya kwa anayetumia kivinjari na nyaraka.

Njia ya nne: fundi

Kariakoo, Luthuli Avenue au duka la mtaani kwenu, fundi mzuri ana kitu usichonacho: anaitoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta safi, anainakili na kuipekua ikiwa imelala. Kirusi ambacho hakijaamshwa hakina nguvu ya kujificha. Fundi pia ataona mapema kama tatizo ni diski inayokufa, jambo ambalo nyumbani unaweza kulidhania kirusi kwa siku kadhaa.

Udhaifu wa njia hii uko kwenye mazoea. Kufomati ni haraka kuliko kurekebisha, na mwenye foleni ya laptopu kumi atafomati usipomwambia asifanye. Kisha ataweka Windows isiyo na leseni, iliyofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni. Programu hizo mara nyingi huhitaji Defender izimwe au iambiwe isikague folda fulani, na mlango huo hubaki wazi baada ya wewe kuondoka. Kama laptopu yako ilinunuliwa na Windows halali, huna sababu ya kukubali hilo.

Basi zungumza kabla ya kuiacha. "Fundi, ndani kuna kazi zangu ambazo hazina nakala. Usifomati bila kunipigia. Windows yake ni halali, usiweke nyingine." Muulize bei ya kuchunguza, bei ya kuokoa mafaili na bei ya kuweka Windows, kila moja peke yake, na kiandikwe. Toka kwenye akaunti zako za barua pepe na benki kwa kutumia simu. Kama kompyuta ina taarifa za wateja, wagonjwa au wanafunzi, Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jukumu la kuzilinda linabaki kwako hata mashine ikiwa mezani kwa mwingine.

Unapoichukua, iwashe palepale. Fungua Settings, System, Activation uone hali ya leseni. Fungua Windows Security, nenda kwenye mipangilio ya kinga dhidi ya virusi, uangalie Exclusions. Orodha hiyo ikiwa na folda usiyoijua, uliza kabla ya kulipa.

*Mafaili yako:* inategemea fundi na ulivyoagiza. Mwenye vifaa na maelekezo atayaokoa kuliko wewe.

*Uhakika:* mkubwa kwa anayepekua diski ikiwa nje, mdogo kwa anayefomati C peke yake.

*Muda na gharama:* siku moja hadi wiki, na pesa. Bando na flashi ni vyake.

*Ujuzi:* wa kuuliza na kusimamia.

*Inamfaa:* asiye na kompyuta ya pili wala muda, na mwenye diski yenye dalili za kufa.

Uchague kwa hali yako

Una tasnifu, mahesabu au picha za familia zisizo na nakala: hujafika kwenye kuchagua njia. Okoa kwanza kwa flashi ya Linux, au mpe fundi kazi ya kuokoa peke yake. Ukiwa nazo mkononi, rudi hapa.

Vitu vyako vyote viko mtandaoni na mashine ni ya kusomea na kuandikia: usakinishaji safi utakuchosha kidogo kuliko saa za kuhangaika na amri.

Unaingia na kutolewa, au unaona mshale kwenye weusi: jaribu rejista ya njia ya pili kabla ya kufuta chochote. Hali salama ikiwaka, baki njia ya kwanza.

Antivairasi ilitaja mamia ya mafaili yaliyoambukizwa, au majina kama Sality, Virut, Ramnit na Neshta: nenda njia ya tatu kwa diski nzima, C na D, hata kama umefanikiwa kuiwasha. Ramnit huambukiza hata mafaili ya .html na .dll, kwa hiyo kurasa ulizohifadhi nazo ziache.

Ni kompyuta ya duka yenye mfumo wa mahesabu: nakili data, jaribu ya kwanza, kisha ya pili au fundi, na upigaji upya uwe baada ya kuzungumza na aliyekuuzia mfumo ili ujue leseni itarudije.

Ni ya ofisi au shule: iache ilivyo, umwite wa Tehama. Huenda ana ufunguo wa BitLocker, na anahitaji kujua kama kirusi kimefika kwenye kompyuta nyingine za mtandao.

Mafaili yamegeuzwa majina na kuna ujumbe unaodai pesa: njia hizi zinaweza kuiwasha kompyuta, lakini hakuna itakayoyafungua. Nakili mafaili hayo yaliyofungwa na uyatunze, kwa sababu funguo za baadhi ya virusi hivyo hutolewa bure baadaye kwenye tovuti ya No More Ransom, inayoungwa mkono na Europol. Kisha fanya usakinishaji safi.

Kwa njia yoyote utakayochagua, badilisha nywila za barua pepe, benki na mitandao ya kijamii ukitumia kifaa kingine kilicho safi, ukianza na barua pepe, kwa sababu nywila nyingine zote hurejeshwa kupitia hiyo. Na flashi zilizochomekwa kwenye ile kompyuta, ikiwemo ile uliyoipeleka steshenari kuchapa, zipekuliwe kabla hazijaingia kwenye Windows mpya.